Walaji Watano, Meza ya Hamsini

Chakula cha jioni katika Benslow House kililiwa kwa utaratibu wa ajabu. Wanafunzi walikuwa watano na nyumba ilikuwa ya kupanga, lakini hawakuizunguka meza kama watu wa nyumba moja. Walikalishwa kwa mstari, wote upande mmoja, na mbele yao kulikuwa na meza nyingine, ya Mkuu wa chuo na wageni wake. Mmoja wa watano hao, Emily Gibson, alikumbuka miaka mingi baadaye kwamba walipangwa kana kwamba ni hamsini.

Aliyetaka iwe hivyo ni Emily Davies. Vyuo vya wanaume vya Cambridge vina ukumbi, na ukumbi una meza kuu. Basi na chuo chake kiwe nayo, hata kama ukumbi wenyewe ni chumba cha kulia cha nyumba ya watu. Davies hakuwa mtu wa mzaha. Aliona kwamba jambo la wanawake likianza dogo huitwa shule ya wasichana, na likishaitwa hivyo halitoki hapo.

Chuo hicho, ambacho leo ni Girton, kilifunguliwa tarehe 16 Oktoba 1869 huko Hitchin, mji mdogo wa soko katika jimbo la Hertfordshire, kwenye njia ya reli itokayo London kwenda Cambridge. Kutoka hapo hadi Cambridge ni kilomita zipatazo 40, na umbali huo ulichaguliwa kwa makusudi. Wazazi wa tabaka la kati wangeogopa kuwapeleka mabinti zao katika mji uliojaa vijana wa kiume, na Davies mwenyewe hakutaka wanafunzi wake wapoteze asubuhi kwa kutembeleana na kina mama wa mjini. Kwa hiyo wahadhiri ndio waliopanda treni. Walikuja na kurudi kwa ratiba ya reli, na vipindi vya Hitchin vilipangwa kwa kufuata saa za gari moshi. James Stuart alikuja kufundisha hisabati. John Seeley, ambaye mwaka huohuo aliteuliwa kuwa profesa wa historia Cambridge, naye alikuwa miongoni mwa waliofundisha pale.

Wanafunzi wenyewe walikuwa Emily Gibson, Anna Lloyd, Louisa Lumsden, Isabella Townshend na Sarah Woodhead. Muda mfupi baadaye akaongezeka Rachel Cook, binti wa profesa kutoka Scotland. Mtu akisikia "wanafunzi wa kwanza" huwaza wasichana wa miaka kumi na minane, lakini Anna Lloyd alikuwa amepita miaka thelathini. Alikuwa Mkweka, amezoea kuendesha mambo yake, na sasa anaketi kwenye mstari na kuanza sarufi. Ada ilikuwa pauni 105 kwa mwaka, fedha ambazo wengi wa walimu wa kike waliofundisha watoto majumbani hawakuzipata kwa mwaka mzima wa kazi.

Davies alizaliwa mwaka 1830, binti wa mchungaji aliyehudumu Gateshead, kaskazini mwa Uingereza. Kaka yake Llewelyn alipelekwa Trinity, Cambridge. Yeye alibaki nyumbani kumsaidia baba kazi za parokia. Hakuna haja ya kutafuta mbali chanzo cha hasira yake, ingawa ilikuwa hasira ya aina ya pekee: ya kuandika barua, kuitisha kamati, kuhesabu kura na kutopaza sauti. Mwaka 1865 alifanikiwa kuifanya Cambridge iwaruhusu wasichana kufanya mitihani ile ya majimboni iliyokuwa ya wavulana wa shule za sekondari. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu juu ya elimu ya juu ya wanawake. Kisha akaanza kuomba fedha. Rafiki yake Barbara Bodichon, mchoraji mwenye mali na maoni makali kuliko yake, aliahidi pauni 1,000. George Eliot, mwandishi wa riwaya aliyekuwa kileleni mwa umaarufu wake, alitoa pauni 50. Bodichon alikuwa na jina la kupigania haki za wanawake hadharani, na Davies, ambaye alipanga hata nani aonekane na nani asionekane kwenye orodha ya kamati, alijitahidi jina hilo lisitangulie mno.

Lengo lake lilikuwa moja na halikubadilika hadi kufa: wanawake wafanye mitihani ileile ya wanaume, kwa masharti yaleyale, kwa muda uleule. Wengi waliounga mkono elimu ya wanawake hawakukubaliana naye. Henry Sidgwick, mwanafalsafa wa Trinity, aliona kwamba wasichana waliokuja bila Kilatini wala Kigiriki wapewe kozi yao na mtihani wao, wajisogeze taratibu. Mwaka 1871 alipanga nyumba Cambridge kwenyewe, akamweka Anne Jemima Clough aisimamie, na wanafunzi watano wakaingia. Hicho ndicho kikawa Newnham. Pale mwanafunzi aliruhusiwa kusoma kwa kasi yake na kuchagua mtihani unaomfaa. Davies alilipinga jambo hilo waziwazi. Kwake, mtihani wa wanawake peke yao, hata uwe mgumu namna gani, ungesemwa tu kuwa ni wa wanawake.

Gharama ya msimamo huo waliilipa wanafunzi. Mwanamume aliyeingia Cambridge alikuwa ameanza Kilatini angali mtoto, na Kigiriki hakikumchelewa. Wanawake wa Hitchin walikuwa wengine wanaanza alifabeti ya Kigiriki ukubwani, na bado walitakiwa wapite mtihani wa awali, wenye lugha zote mbili, kisha mtihani wa heshima uitwao Tripos ndani ya muhula wa kumi, kama wanaume. Mtu anaweza kuona ukaidi mtupu hapo. Lakini Sidgwick, ambaye alikuwa na huruma zaidi, alikuwa akitatua tatizo la mwanafunzi aliye mbele yake. Davies alikuwa akitatua la yule atakayekuja miaka hamsini baadaye. Anna Lloyd hakuufikia mtihani. Ndugu zake walimhitaji nyumbani, na mwanamke ambaye hajaolewa hakuwa na jibu la kuwapa. Aliondoka.

Waliobaki waliongezeka, na nyumba haikutosha. Ikasimamishwa nyumba ya muda ya mabati bustanini, na baadhi ya wanafunzi wakahamia humo. Msomaji aliyelala bweni la mabati wakati wa masika hahitaji kuelezwa ni nini kusoma Sophocles mvua inaponyesha juu ya kichwa chako.

Ndipo likatokea suala la suruali.

Mwaka 1871 wanafunzi walijiandalia jioni ya maigizo: vipande vya tamthilia za Shakespeare, wakiigiza wao wenyewe, mbele ya watu wa chuoni. Kwa kuwa wahusika wengi ni wanaume, baadhi yao walivaa mavazi ya kiume. Davies alipopata habari alikuja juu. Kwa wanafunzi, waliokuwa watu wazima na kila mmoja amepigania nafasi yake kwao, kukemewa juu ya mchezo wa jioni kulikuwa tusi, na kwa siku kadhaa chuo chenye wanafunzi wasiofika kumi kilikuwa na mgogoro wa kutishia uhai wake. Davies alishikilia hoja moja: habari ikitoka nje kwamba wanafunzi wa Hitchin wanavaa suruali, hakuna mzazi atakayemleta binti yake, na mitihani, fedha na kura zote zitakuwa zimekwisha. Wanafunzi waliona hoja hiyo ni ya woga. Mwishowe walikubali kuacha. Kwa jicho la leo ni rahisi kuwa upande wa wanafunzi, na mwandishi huyu yuko upande wao. Lakini ikumbukwe kwamba chuo hakikuwa na jengo, hakikuwa na hati, hakikuwa na chochote ila jina lake la kutokuwa na kashfa.

Mtihani wenyewe ulifika mwanzoni mwa 1873. Chuo kikuu hakikuwatambua wanawake, kwa hiyo kila kitu kilifanyika kwa hisani. Watahini walikubali, kila mmoja kwa hiari yake, kusahihisha majibu yao. Sarah Woodhead alifanya hisabati. Rachel Cook na Louisa Lumsden walifanya Kigiriki na Kilatini. Chumba cha mtihani kilikuwa chumba cha hoteli, University Arms, na Emily Davies aliketi karibu na moto akifuma sufi. Maswali yaliletwa na mjumbe kutoka kwenye ukumbi wa wanaume baada ya wao kupewa yao. Siku moja mjumbe alipotea njia, na watahiniwa wakasubiri saa nzima wakitazamana. Wote watatu walifikia kiwango cha heshima. Huko Hitchin wenzao walipopata habari walipiga kengele ya hatari kwa furaha, na waliwatungia wimbo watatu hao kwa kutumia tuni ya wimbo wa jeshi wa Kiingereza, ambao vizazi vya Girton viliendelea kuuimba.

Oktoba 1873 chuo kilihama. Kilijengwa kwenye shamba lililo karibu na kijiji cha Girton, kilomita kama tatu au nne kutoka katikati ya Cambridge: karibu kiasi cha kuhudhuria mihadhara, mbali kiasi cha kutoonekana. Msanifu alikuwa Alfred Waterhouse, ambaye wakati huohuo alikuwa akisanifu jumba kubwa la makumbusho ya viumbe London. Alitumia matofali mekundu na paa la mwinamo mkali. Wanafunzi walipofika, kama kumi na watano hivi, mafundi walikuwa bado hawajamaliza, na majira ya baridi ya kwanza yalipitishwa katikati ya vumbi la seremala na upepo wa tambarare za Cambridge, ambao watu wa huko husema hauna kizuizi hadi milima ya Urusi.

Jambo moja katika jengo hilo lilikuwa tofauti na vyuo vya wanaume. Kule vyumba hupangwa kuzunguka ngazi: kila ngazi na mlango wake wa nje, kila mtu na watu wa ngazi yake. Waterhouse alipanga vyumba vya Girton kando ya korido ndefu za ndani. Sababu ilikuwa ya ulinzi na ya bei, lakini matokeo hayakuwa ya ulinzi. Korido ile iliwafanya wote kuwa majirani. Mwanafunzi aliweza kutoka chumbani kwake usiku, kwa viatu vya nyumbani, akatembea hadi upande wa pili wa chuo bila kukanyaga nje. Ndiyo maana maisha ya Girton, tofauti na ya Trinity au King's, yalikuwa maisha ya usiku wa ndani.

Na kila mwanafunzi alikuwa na vyumba viwili: cha kulala, na cha kukaa na kusoma, chenye meko yake na makaa yake ya siku. Hapa ubahili wa Davies ulikoma. Alikata kwenye mapambo, bustani, chakula na hata mishahara, lakini hakukata hapo. Binti wa nyumba ya Kiingereza ya wakati ule, hata awe tajiri, alikuwa na kitanda na kabati. Sebule ilikuwa ya mama, maktaba ilikuwa ya baba, na muda wake ulikuwa wa yeyote aliyebisha hodi. Barua za wanafunzi wa mwanzo hazichoki kusimulia habari ya mlango wa kufunga, meko ya kuchochea mwenyewe, na uwezo wa kusema "nina kazi" bila kuomba radhi.

Jioni kilichofuata ni kakao. Mwanafunzi mmoja aliwaalika wenzake wawili watatu baada ya saa tatu au nne usiku. Maziwa yalipashwa kwenye meko, keki ilitoka kwenye bati lililotumwa na mama, na mazungumzo yakaendelea juu ya Mungu, siasa za Ireland, na mhadhiri asiyejua kuwatazama usoni. Kulikuwa na adabu zake. Wanafunzi waliitana kwa majina ya ukoo, Bi Fulani na Bi Fulani, na mdogo hakuthubutu kuanza kumwita mkubwa kwa jina lake la kwanza. Aliyetangulia chuoni ndiye aliyepaswa "kumposa" mdogo: anamwendea rasmi na kumwomba waanze kuitana kwa majina yao. Wengine walingoja posa hiyo muhula mzima. Wengine walipata nyingi mno wakajivuna.

Palikuwa na tenisi, palikuwa na mijadala, na tangu 1882 palikuwa na jarida la chuo. Lakini hakuna chama cha wanafunzi kilichokuwa na ari kama kikosi cha zimamoto.

Kilianza mwishoni mwa miaka ya 1870, baada ya majani makavu kuungua kwenye shamba la jirani na wanafunzi kung'amua kwamba wao wenyewe wako mbali na mji, ndani ya jengo lenye meko katika kila chumba. Aliyekuwa mstari wa mbele kukianzisha ni Sarah Marks, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Hertha Ayrton. Alikuwa binti wa mtengeneza saa Myahudi kutoka Poland. Baba alifariki mapema, na ada ya binti ilipatikana kwa msaada wa Bodichon na marafiki zake, George Eliot akiwemo. Ushauri ulitoka kwa Kapteni Shaw, mkuu wa zimamoto wa London. Wanafunzi waligawanywa katika makundi yenye makapteni, wakafanya mazoezi ya ndoo, pampu na mipira ya maji, wakashindana kwa sekunde kwenye zile korido ndefu, wakiwa na sketi zao zote. Kikosi kilidumu hadi 1932. Hakuna chuo cha wanaume kilichokuwa na haja ya kitu kama hicho, na hapa mpango wa Davies wa kunakili kila kitu ulianza kuzaa vitu ambavyo havikuwamo kwenye nakala.

Marks hakupata alama nzuri katika Tripos ya hisabati. Alipata daraja la tatu. Baadaye alisajili hataza 26, akaeleza kwa nini taa za umeme za wakati ule zilipiga mluzi na kupepesuka, na mwaka 1906 akapewa medali ya Hughes na Royal Society. Miaka minne kabla, jumuiya hiyohiyo ilikuwa imekataa kumpokea kuwa mwanachama kwa sababu ni mke wa mtu.

Pamoja naye katika klabu ya hisabati ya chuo alikuwa Charlotte Scott, na kwake historia inapaswa kusimama kidogo. Januari 1880 matokeo ya hisabati yalisomwa Cambridge kwa desturi ya zamani, jina baada ya jina, ukumbi umejaa vijana. Habari zilikuwa zimevuja kwamba mwanamke mmoja amefikia nafasi ya nane. Jina la mwanamume wa nane lilipotajwa, halikusikika, vijana walipiga kelele za "Scott wa Girton!" hadi likazama. Yeye hakuwapo, kwa kuwa hakuruhusiwa. Usiku huo wenzake walimvika taji la majani mezani. Mwaka uliofuata chuo kikuu kilikubali rasmi kuwapa wanawake haki ya kufanya mitihani ya heshima na kupata cheti. Shahada, hapana. Scott alipata shahada zake kutoka Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1885 akavuka Atlantiki kwenda kuanzisha idara ya hisabati ya Bryn Mawr, chuo kingine kidogo cha wanawake, karibu na Philadelphia.

Madaktari wakati huo walikuwa na hofu yao. Mwaka 1874 Henry Maudsley, bingwa wa magonjwa ya akili, aliandika kwamba kusoma kama wanaume kutawamaliza wasichana nguvu na kuwaharibia uzazi. Elizabeth Garrett Anderson, daktari, alimjibu kwamba wanaoumwa ni wale wanaokaa nyumbani bila kazi. Mjadala uliendelea kwa hisia tupu hadi 1890, Eleanor Sidgwick, mke wa Henry, alipofanya lililopaswa kufanywa mwanzoni: alikusanya taarifa za afya za waliosoma Cambridge na Oxford, akazilinganisha na za dada zao ambao hawakusoma. Waliosoma hawakuwa wagonjwa zaidi. Wala hawakuzaa watoto dhaifu.

Nje ya lango, kanuni zilikuwa nyingi. Mwanafunzi hakuhudhuria mhadhara wa wanaume bila mwanamke wa kumsindikiza, na msindikizaji huyo aliketi mwishoni mwa ukumbi na kazi yake ya kufuma, akisikia fizikia kwa miezi bila kuulizwa ameelewa nini. Walikwenda mjini kwa magari ya farasi ya kukodi, wakibanana, wakinukia majani ya kuwalisha farasi. Miaka ya 1890 ilileta baiskeli. Kwa Newnham, iliyo mjini, baiskeli ilikuwa starehe. Kwa Girton ilikuwa ukombozi wa kila siku, na hadi leo mwanafunzi wa Girton hutambulika Cambridge kwa kuwa na miguu yenye nguvu na malalamiko juu ya umbali.

Baiskeli hiyohiyo ndiyo wanaume waliyoigeuza silaha. Tarehe 21 Mei 1897 chuo kikuu kilipiga kura kama wanawake wapewe shahada za jina tu. Wahitimu wenye haki ya kura walikuja kwa treni za pekee kutoka London. Mbele ya jengo la kupigia kura, juu ya duka la vitabu, vijana walining'iniza sanamu ya mwanamke juu ya baiskeli, amevaa kaptura ya michezo. Mayai, unga na fataki vilirushwa mchana kutwa. Waliokataa walizidi 1,700. Waliokubali walikuwa kama 660. Sanamu ilishushwa na kuraruliwa, na mabaki yakapelekwa Newnham na kusukumwa getini. Umbali wa Girton, kwa mara moja, uliwasaidia wenyewe.

Ni katika miaka hiyohiyo ambapo Sarojini Chattopadhyay wa Hyderabad, msichana mshairi aliyepata udhamini wa Nizam, mtawala wa huko, alisoma Girton. Hakukaa hadi mwisho. Alirudi India mwaka 1898 akaolewa, na kwa jina la Sarojini Naidu akawa sauti kubwa ya harakati za uhuru. Wakazi wa Mombasa walimsikia kwa masikio yao mwaka 1924, alipokuja kuongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki wakati wa mapambano juu ya ardhi ya nyanda za juu za Kenya na haki ya kura.

Wanawake wa Cambridge walitafuta mlango wa nyuma. Kati ya 1904 na 1907 chuo cha Trinity cha Dublin, kilichokuwa na makubaliano ya zamani ya kutambuana na Cambridge na Oxford, kilikubali kuwapa shahada wanawake waliofaulu huko. Mamia walipanda meli kuvuka bahari ya Ireland, wakavaa joho la kuazima kwa siku moja, wakarudi kwa meli ya usiku wakiwa na shahada. Walipachikwa jina la mabibi wa meli. Wengi walikuwa walimu wakuu wa shule waliohitimu zamani na waliokuwa wakiwasaini wasichana wao vyeti bila wao kuwa na herufi yoyote baada ya majina yao.

Kwa maana shule ndizo zilikuwa zao kubwa la Girton. Louisa Lumsden alikuwa mkuu wa kwanza wa St Leonards huko Scotland mwaka 1877. Constance Maynard, aliyeingia Hitchin mwaka 1872, alianzisha chuo cha wanawake cha Westfield, London, mwaka 1882. Kila mmoja alibeba korido, kakao na mitihani akavipanda kwingine. Emily Gibson alifuata njia nyingine: aliolewa na kaka wa mwenzake Isabella Townshend, na akiwa bibi wa makamo alifungwa jela kwa kudai kura.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifuta wasindikizaji kimyakimya. Mwaka 1918 Emily Davies, mwenye miaka 88, alitembea kwenda kupiga kura. Oxford ilitoa shahada kwa wanawake mwaka 1920. Davies alifariki Julai 1921, na Oktoba ya mwaka huohuo Cambridge ilikataa tena, ikakubali tu kutoa shahada za jina zisizo na uanachama wala kura. Vijana walisherehekea kwa kulivunja kwa mkokoteni geti la shaba la Newnham lililojengwa kumkumbuka Bi Clough.

Miaka saba baadaye Virginia Woolf alikwenda Newnham na Girton kuzungumza na wanafunzi juu ya wanawake na uandishi, na mazungumzo hayo yakawa kitabu mwaka 1929, chenye dai lake maarufu la chumba na pauni 500 kwa mwaka. Wanafunzi waliomsikiliza Girton chumba walikuwa nacho. Ilikuwa zaidi ya nusu karne tangu Davies awape. Kilichokosekana ni pauni. Chuo kilikuwa kimetumia karibu kila senti iliyoingia kuongeza matofali, kwa sababu Davies aliona afadhali wanafunzi wengi wenye mlo wa hovyo kuliko wachache wenye mlo mzuri, na walimu wake waliishi kwa mishahara ambayo mwalimu wa chuo cha wanaume asingeigusa. Uamuzi huo una watetezi hadi leo. Wapishi wa wakati ule hawamo kati ya watetezi hao.

Uanachama kamili ulipatikana mwaka 1948, bila mayai wala fataki. Zamani, chuo kikiwa bado Hitchin, kasisi mmoja aliyepita kwa treni inasemekana aliwaonyesha wenzake nyumba ya chuo na kuiita mahali pa makafiri. Muriel Bradbrook, aliyekuwa Mkuu wa chuo, alilichukua jina hilo likawa la kitabu chake cha historia ya miaka mia moja ya chuo mwaka 1969.

Muongo uliofuata vyuo vya wanaume vilianza kupokea wanawake, na vyuo vya wanawake vikabaki na swali. Newnham, kilichozaliwa na watu walioamini kwamba wanawake wanastahili utaratibu wao wenyewe, kiliamua kubaki chuo cha wanawake, na hivyo ndivyo kilivyo hadi sasa. Girton kiliifuata hoja ya mwanzilishi wake hadi mwisho wake: masharti yaleyale kwa wote. Mwaka 1979 wanafunzi wa kwanza wa kiume wa shahada ya kwanza waliingia kwenye korido za Waterhouse, na kwa vyuo vya wanawake vya Cambridge kilikuwa cha kwanza kufanya hivyo.